Fahamu: Programu gani ya kuchora ramani inamfaa mwanafunzi?

Mwanafunzi wa usanifu majengo au uhandisi huanza kwa kuuliza bei. Aanze kwa kuuliza kazi. Anayechora ramani za nyumba hahitaji kifaa kilekile na anayebuni vipuri vya mashine.

AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, bado ndiyo inayoulizwa sana maofisini, na faili zake za DWG zimekuwa lugha ya pamoja ya wachoraji. Wengi hawajui kwamba Autodesk, kampuni inayoitengeneza, humpa mwanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja, inayohuishwa kila mwaka, mradi athibitishe kuwa anasoma. Sharti lake ni zito: haitumiki kwa kazi ya kulipwa. Ukimchorea jirani ramani kwa malipo, umevunja mkataba.

Ndiyo maana nakala za wizi zinanikera. Mwanafunzi anajitwika hatari ya virusi kwa kitu ambacho angepewa kihalali!

Kisha tazama kompyuta yako. Revit, inayojenga jengo zima kwa vipimo vitatu, hutengenezwa kwa ajili ya Windows tu, na mashine yenye RAM ndogo itahema. Kwa mashine dhaifu na michoro ya bapa, LibreCAD inatosha. FreeCAD huchora vipimo vitatu. Zote mbili ni bure, hazina ukomo wa muda, na kazi ya kulipwa inaruhusiwa.

Kabla hujaamua, muulize mwalimu wako atapokea faili ya aina gani.