Nani Aseme Nyumba Hii Ni Salama?

Kuna ugomvi unaorudi kila mara nyumba mpya inapoanza kupanda. Wakala wa urbanizimu anafika, anauliza karatasi, hazipo, anapaka msalaba mwekundu ukutani. Mwenye nyumba analia kwamba pesa yote ya likelemba imeishia kwenye matofali. Fundi anasema amejenga miaka mingi na hakuna ukuta wake uliowahi kuanguka. Injinia akiitwa, anasema msalaba umewekwa kwa sababu isiyo ya kweli, lakini nguzo ni nyembamba. Watu watatu, maneno matatu. Na ndani ya nyumba hiyo atalala nani? Mama na watoto.

Juma hili tunataka kuliangalia jambo hilo kwa utulivu, bila kumtukana wakala, fundi wala injinia. Kila mmoja ana kitu anachokijua, na kila mmoja ana kitu asichokiona.

Karatasi bila nguvu: Huruma

Tuanze kwa jirani zetu wa Kenya. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, nyumba ya ghorofa sita ilianguka katika mtaa wa Huruma. Ilijengwa karibu na mto, na vyumba vyake vilipangishwa kwa bei ya watu wa hali ya chini. Karibu watu 50 walikufa. Siku ya nne baada ya ajali, waokoaji walimtoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai, amefunikwa na blanketi ndani ya beseni. Mama yake hakupona.

Jambo la kutuumiza ni hili: wakaguzi walikuwa wameshaiona nyumba hiyo, na ilikuwa imekwisha kuandikwa kwamba ibomolewe. Wataalamu hawakukosea, na sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitekeleza, pamoja na mahali pa kuwapeleka wapangaji ambao hawakuwa na uwezo wa kulipa chumba kingine. Amri ya kuhama bila mahali pa kuhamia, mama anaisikia kama kelele tu.

Dar es Salaam nako, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa liliporomoka asubuhi katikati ya mji, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ilionekana kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizopewa ruhusa. Ruhusa ilikuwapo, lakini aliyeitoa hakurudi kuhesabu.

Karatasi kamili, nyumba mbaya: London

Sasa tuangalie upande wa pili, ili tusidhani kwamba karatasi inatosha. Mwaka 1968, mjini London, mama mmoja aliamka asubuhi ya tarehe 16 Mei akawasha jiko la gesi achemshe chai. Gesi ililipuka. Mlipuko haukuwa mkubwa sana, yeye mwenyewe alipona. Lakini ukuta mmoja ulisukumwa nje, na kona nzima ya jengo la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point ikaanguka, ghorofa juu ya ghorofa. Watu wanne walikufa. Jengo lilikuwa jipya kabisa, lilijengwa kwa agizo la wakuu wa mji wenyewe, na wapangaji walikuwa wameingia muda mfupi tu.

Wakuu waliliimarisha jengo, wakawarudisha watu. Mchora majengo mmoja, Sam Webb, alikataa kunyamaza. Alisema viungo vya kuta havikufanywa vizuri na kwamba jengo bado ni hatari. Alibishana na wakuu miaka mingi, na wapangaji wakawa upande wake. Mwishoni watu walihamishwa, na mwaka 1986 jengo likafunguliwa ghorofa moja baada ya nyingine ili lichunguzwe. Viungo vilikutwa vibaya kama alivyosema: nafasi zilizopaswa kujazwa zege hazikujazwa sawasawa.

Hapo tunaona tofauti. Huruma, sheria ilisema kweli na haikufuatwa. London, sheria ya wakati ule haikuwaza kwamba ukuta mmoja unaweza kuangusha yote. Ilibidi sheria yenyewe ibadilishwe baada ya vifo. Ndiyo maana mwenye kusema "nina ruhusa" hajamaliza maneno, na mwenye kusema "mimi ni mtaalamu" naye hajamaliza.

Kwetu Kyavinyonge

Kwetu ugomvi una uzito wake. Kyavinyonge iko kando ya Ziwa Edward, ndani ya mipaka ya paki ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, ni sehemu iliyokubaliwa watu wakae kwa ajili ya uvuvi. Ardhi haiongezeki, watoto wanaongezeka. Kijana akioa, anajenga nyuma ya nyumba ya baba yake, kisha nyuma ya hiyo. Kukata mti ndani ya paki kumekatazwa. Kwa hiyo mbao na kuni za kuchomea matofali ni shida, na kila kinachopakiwa kwenye gari kutoka milimani kinafika na bei yake. Simenti ikipanda bei, fundi hupunguza. Mara nyingi hapunguzi kwa wizi: mwenye nyumba mwenyewe amemwambia, "Fanya kwa hii iliyopo."

Kuna jambo lingine ambalo wengi wamesahau. Nchi yetu hii ya bonde, kati ya ziwa na milima ya Rwenzori, hutetemeka. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga mpakani mwa Congo na Uganda, upande wa bonde la Semuliki. Watu zaidi ya 150 walikufa na maelfu ya nyumba yakaanguka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, Bukavu na upande wa Rwanda walitikiswa, na huko Rwanda makanisa yaliangukia waumini. Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, Tanzania. Fundi anayesema "ukuta wangu haujawahi kuanguka" huenda anasema kweli. Lakini ukuta wake haujawahi pia kujaribiwa na tetemeko kama lile la 1966. Uzoefu wa fundi unahesabu mvua na upepo aliouona. Injinia analipwa ili ahesabu pia kile ambacho fundi hajakiona.

Hata hivyo injinia naye asikilize. Fundi wa hapa anajua ni parseli gani hujaa maji ziwa likipanda, na wapi mchanga unazama ukichimba mita moja. Injinia aliyekuja na mchoro wa Butembo, uliochorwa kwa udongo mwekundu wa mlimani, akiuweka kwenye mchanga wa ziwa bila kuchimba aone, huyo amehukumu bila kumsikiliza shahidi.

Sheria yetu inasema nini

Nchini mwetu ruhusa ya kujenga imeandikwa katika amri ya waziri ya tarehe 26 Juni 2013. Kabla ya kujenga, mwenye parseli huomba ruhusa. Hiyo si zawadi ya wakala, wala wakala si mwenye parseli. Mkimlipa, ombeni karatasi ya malipo. Malipo yasiyo na karatasi hayazuii msalaba kurudi mwezi ujao, na hayaongezi chuma hata kimoja kwenye nguzo.

Kuna sheria ya zamani zaidi ambayo wapangaji wengi hawaijui. Sheria ya kiraia, kitabu cha tatu, ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba mwenye jengo anawajibika kwa hasara iliyoletwa na kuanguka kwake, ikiwa liliharibika kwa kutotunzwa au lilijengwa vibaya. Kwa hiyo mama anayepanga ana haki ya kuuliza juu ya ufa ukutani. Hajajipa ukubwa katika nyumba ya wengine. Anauliza kitu ambacho sheria inamdai mwenye nyumba.

Wakitofautiana, sisi tufanye nini?

Wakala akisema "bomoa", na injinia akisema "imarisha", msichague neno lililo rahisi kwa mfuko. Ombeni kila mmoja aeleze sababu yake kwa maneno ya kawaida, tena kwa maandishi. Sababu ya karatasi hujibiwa kwa karatasi: nyumba imara isiyo na ruhusa inaweza kutafutiwa ruhusa. Sababu ya nguzo haijibiwi kwa karatasi. Na sababu ya mahali, kama bondeni mwa maji au chini ya mlima unaomomonyoka, haijibiwi hata kwa simenti nyingi.

Kisha kuna mambo ambayo mama anaweza kuyaangalia kwa macho yake, bila kusoma shule ya ujenzi:

Msingi. Umechimbwa hadi kwenye udongo mgumu, au fundi amesimamia mchanga? Ingia shimoni kabla halijafunikwa.

Zege. Kipimo cha kawaida ni ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Hesabu ndoo. Mchanga wenye matope au uchafu uoshwe au ukataliwe. Maji yakizidi, zege inakuwa uji, na ikikauka inakuwa dhaifu.

Kumwagilia. Zege iliyomwagwa leo inywe maji kila siku kwa siku 7 angalau. Nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Kupandisha ghorofa baada ya siku tatu ni kumbebesha mzigo mtoto aliyeanza kutambaa.

Mkanda wa juu. Kuta zote zifungwe pamoja kwa mkanda wa zege wenye chuma unaozunguka nyumba nzima chini ya paa. Tetemeko likija, mkanda huo ndio huzuia kuta zisiachane. Mwenye pesa kidogo apunguze rangi na madirisha makubwa, asipunguze mkanda.

Ufa. Ufa mwembamba wa plasta si wa kutisha. Ufa unaopita katikati ya matofali kwa mshazari, unaopanuka, au mlango ulioanza kukataa kufungwa, huo ni ujumbe. Andika tarehe kwa penseli mwisho wa ufa. Baada ya mwezi, kama umepita alama, ita mtu. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna ufa ambao ukiuziba kwa plasta umeuficha tu.

Tunapendekeza pia jambo moja kwa vikundi. Injinia mmoja ni ghali kwa mama mmoja. Muso yenye wamama 20 inaweza kumleta kutoka Beni au Butembo kwa siku moja, aangalie nyumba zote, aandike ipi iimarishwe kwanza na ipi watoto wasilale ndani wakati wa mvua. Fundi wetu awepo na atembee naye nyumba kwa nyumba. Mkuu wa mtaa apewe nakala. Wakala naye akija na rangi yake, atakuta wamama wenye karatasi mkononi na maswali mdomoni.

Msalaba mwekundu unaweza kuwa wa haki au wa kutafuta pesa. Hatutaujua kwa kuukimbia wala kwa kuufuta usiku. Tutaujua tukiuliza "kwa nini?" mpaka jibu lifike kwenye udongo, kwenye chuma na kwenye zege. Kikundi kitakachoanza ukaguzi huu kituletee habari, tuandike kile mlichokikuta ili mitaa mingine ijifunze.