2 147 483 647: namba iliyodhaniwa haina faida, leo inatishia saa za kompyuta

Siku ya Jumanne tarehe 19 Januari 2038, alfajiri saa kumi na moja na dakika 14 kwa saa za Goma, Bukavu na Lubumbashi, kompyuta za zamani ambazo hazijarekebishwa zitaanza kuonyesha mwaka 1901. Sababu ni namba moja tu: 2 147 483 647.

Namba hii inapatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mpaka mbili zitimie 31, kisha kutoa 1. Ni namba tasa: hakuna namba nzima inayoigawa bila kubakiza, isipokuwa 1 na yenyewe. Saba ni tasa. Tisa si tasa, kwani 3 inaigawa.

Kwa saba, mtoto wa shule anaona mara moja. Kwa namba ya tarakimu kumi, ingebidi kujaribu namba tasa zote mpaka 46 339, nazo ni karibu 4 800. Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi aliyefanya kazi Saint Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba nyingi kati ya hizo haziwezi kabisa kuigawa. Zikabaki chini ya mia moja. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1772, wakati alikuwa karibu kipofu kabisa.

Namba tasa ya aina hii inazaa namba nyingine inayoitwa kamilifu. Ndogo kuliko zote ni 6: inagawanyika kwa 1, 2 na 3, na hizo tatu ukizijumlisha unapata 6 tena. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu itokanayo na ile ya Euler ndiyo kubwa kuliko zote zitakazojulikana. Kwake hizo zilikuwa namba za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi.

Alikosea mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alipata namba tasa ya aina hiyo yenye tarakimu 39. Kisha zikaja kompyuta.

Kompyuta inaandika kila namba kwa sufuri na moja. Nyingi za zamani zilitenga nafasi 32: moja ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na 31 za namba yenyewe. Nafasi hizo 31 zikijaa moja tupu, tumefika 2 147 483 647. Ukiongeza 1, hesabu inaruka upande wa hasi, kama kontere ya pikipiki inayofika mwisho na kuanza upya.

Saa za kompyuta nyingi zinahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Sekunde 2 147 483 647 ni kama miaka 68. Ndiyo maana mwisho ni 2038.

YouTube iligusa ukuta huo mwaka 2014, idadi ya mara ambazo wimbo « Gangnam Style » wa PSY ulitazamwa ilipopita kiasi hicho. Kampuni ilihamia nafasi 64.

Simu na kompyuta mpya nyingi tayari zina nafasi 64. Hatari iko kwenye mashini kuukuu na programu zisizoguswa kwa miaka. Na si lazima kungoja 2038: mkopo wa miaka 15 unaoandikwa leo tayari unavuka tarehe hiyo. Mwenye ofisi anayenunua kompyuta iliyotumika amuulize fundi swali moja: mashini na programu zake zinahesabu tarehe kwa nafasi 32 au 64?