Kitanzi katika Programu ya R: Hesabu Moja kwa Halmashauri Saba za Mkoa wa Arusha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Kati ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 na ile iliyofanyika Agosti 23, 2022, wakazi wa Mkoa wa Arusha waliongezeka kutoka 1,694,310 hadi 2,356,255. Takwimu hizo za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ndizo zinazowaongoza watendaji wa Serikali wanapokadiria idadi ya madarasa, zahanati na vituo vya kuchotea maji. Hata hivyo, hakuna afisa mipango anayechimba kisima cha mkoa mzima. Kisima huchimbwa kijijini, na bajeti yake hupitia halmashauri. Kwa sababu hiyo, kasi ya ongezeko la watu lazima ijulikane kwa kila halmashauri, nazo mkoani hapa ni saba: Jiji la Arusha, Arusha, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro.

Hesabu yenyewe si ngumu. Idadi ya mwaka 2022 hugawanywa kwa idadi ya mwaka 2012, hutafutwa logi asilia ya jibu, kisha hugawanywa kwa miaka 10 na kuzidishwa kwa 100 ili kupata asilimia kwa mwaka. Mtu mwenye kikokotoo anaweza kuifanya mara saba bila kuchoka. Lakini Tanzania Bara ina halmashauri 184, na chini yake kuna kata na vijiji au mitaa kwa maelfu. Hapo ndipo kitanzi, au lupu kama wengi wanavyoita maofisini, kinapohitajika: ni amri inayoiagiza kompyuta kurudia kazi ileile kwa kila kipengele cha orodha hadi orodha iishe.

Miongoni mwa programu zinazotumiwa na wanatakwimu kwa kazi hiyo ni R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. Programu hii haiuzwi. Mtu yeyote anaipakua na kuitumia bure, jambo ambalo kwa halmashauri yenye bajeti finyu si dogo.

Tuseme idadi za watu zimeingizwa katika safu mbili, sensa2012 na sensa2022, kila moja ikiwa na namba saba. Kitanzi cha kutafuta kasi ya ongezeko huandikwa hivi:

kasi <- numeric(7)
for (i in 1:7) {
  kasi[i] <- log(sensa2022[i] / sensa2012[i]) / 10 * 100
}

Mstari wa kwanza huandaa chombo kitupu chenye nafasi saba za kupokea majibu. Mstari wa pili huiambia kompyuta kwamba herufi i itakuwa 1, kisha 2, na kuendelea hadi 7. Kilichomo ndani ya mabano ya mawimbi ndiyo kazi inayorudiwa: katika mzunguko wa kwanza kompyuta huchukua namba ya kwanza ya kila safu, katika wa pili huchukua namba ya pili, hadi zitakapokwisha. Ikumbukwe kwamba log katika R ni logi asilia, wala si ile ya msingi wa 10 tuliyoizoea sekondari.

Majibu yake yanaeleza mengi kuhusu eneo hili. Jiji la Arusha, lililotoka watu 416,442 hadi 617,631, limekua kwa asilimia 3.9 kwa mwaka. Halmashauri ya Arusha, inayolizunguka Jiji kwenye miteremko ya Mlima Meru, imekua kwa asilimia 3.3, sawa na wastani wa mkoa. Meru, yenye mashamba na migomba ya Tengeru na Usa River, imekua kwa asilimia 2.1 tu, kutoka watu 268,144 hadi 331,603. Karatu ina asilimia 2.0, Monduli na Longido asilimia 3.6 kila moja, na Ngorongoro inaongoza kwa asilimia 4.5. Anayedhani kwamba mijini ndiko watu wanakoongezeka kwa kasi kubwa kuliko kote ana sababu ya kulitazama tena jedwali.

Sasa tufike kwenye hatari yake. Kitanzi kilichoandikwa hapo juu hakijui Longido wala Monduli. Kinajua nafasi ya nne na nafasi ya tano. Ikiwa aliyeingiza takwimu za mwaka 2012 alitanguliza Longido, na aliyeingiza za mwaka 2022 akatanguliza Monduli, kompyuta itagawanya idadi ya Monduli ya mwaka 2022 kwa idadi ya Longido ya mwaka 2012 bila kusita. Haitatoa onyo. Monduli itaonekana kukua kwa asilimia 6.1 kwa mwaka, na Longido kwa asilimia 1.0.

Matokeo yake si ya karatasi tu. Longido ilikuwa na watu 175,915 mwaka 2022. Kwa kasi sahihi, na ikiwa kasi hiyo haitabadilika, makadirio ya mwaka 2030 yanakaribia watu 234,000. Kwa kasi iliyokosewa, makadirio hayo yanashuka hadi karibu 191,000. Watu wapatao 43,000 wanapotea katika mpango wa maji wa wilaya ya wafugaji, ambako maji ni suala la uhai wa watu na mifugo, na hakuna aliyewatoa kwa makusudi.

Wengi hujilinda kwa kukagua jumla ya mkoa. Katika kosa hili ukaguzi huo hausaidii hata kidogo. Ukijumlisha namba saba kwa mpangilio wowote utapata 1,694,310 kwa mwaka 2012 na 2,356,255 kwa mwaka 2022, na kasi ya mkoa itabaki asilimia 3.3. Jumla iko sahihi, sehemu zake ni za uongo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwasilisha jedwali la namna hiyo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alilitetea kwa dakika kadhaa kwa hoja hiyo hiyo ya jumla kabla ya mwenzake kumwonesha majina yaliyopishana.

Dawa yake ni kukiacha kitanzi kifuate majina badala ya nafasi. Kila namba hupewa jina la halmashauri yake, kisha huandikwa:

kasi <- numeric()
for (h in names(sensa2022)) {
  kasi[h] <- log(sensa2022[h] / sensa2012[h]) / 10 * 100
}

Hapa herufi h huwa "Longido", kisha "Monduli", na kompyuta huitafuta Longido katika safu zote mbili popote ilipo. Faida ya pili ni kubwa zaidi: jina likiandikwa tofauti, mathalani likiongezwa nafasi tupu mwishoni, jibu litakuwa NA, yaani hakuna takwimu. Kitanzi hukiri kwamba hakijui. Ndivyo itakavyokuwa pia kwa halmashauri zilizoanzishwa baada ya mwaka 2012, kama vile Ubungo na Kigamboni mkoani Dar es Salaam, ambazo hazina mstari wa jina lake katika orodha za zamani hadi takwimu za nyuma zipangwe upya kufuata mipaka mipya. NA isifutwe haraka ili jedwali lipendeze, itafutiwe sababu.

Wazoefu wa R watasema kwamba kwa kazi hii kitanzi si cha lazima, kwa kuwa programu hiyo inaweza kugawanya safu nzima kwa safu nzima kwa mstari mmoja. Ni kweli, na ni haraka zaidi. Ila mstari huo nao hufuata nafasi, hivyo kosa la Longido na Monduli linabaki palepale.

Ipo aina nyingine ya kitanzi, inayotumika pale ambapo idadi ya mizunguko haijulikani mapema. Swali mojawapo ni hili: kwa kasi ya sasa, Jiji la Arusha litafikisha watu milioni moja mwaka gani?

watu <- 617631
mwaka <- 2022
while (watu < 1000000) {
  watu <- watu * exp(0.0394)
  mwaka <- mwaka + 1
}

Kompyuta huongeza mwaka mmoja mmoja maadamu watu hawajafika milioni. Huzunguka mara 13 na kusimama katika mwaka 2035. Mwandishi wa skripti akisahau mstari unaoongeza watu, sharti halitatimia kamwe na kitanzi kitazunguka bila kikomo, huku mwaka ukipanda. Kikifika hapo hakisimami chenyewe. Hukatishwa kwa kubonyeza kitufe cha Esc, au Ctrl na C kwa pamoja kwa anayeiendesha R moja kwa moja kwenye dirisha la amri.