KUBASHIRI SI KUJUA: MASHINDANO YA SAFARI NA FUNZO LAKE KWA ASKARI

Mucojo ni mji mdogo wa pwani katika wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mbele yake ipo Bahari ya Hindi, na nyuma yake ipo njia ya udongo na mchanga iendayo Macomia. Wengi wa wenyeji wake husema Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili. Katika wilaya hiyo hiyo, mahali paitwapo Chai, wapiganaji wa FRELIMO walifyatua risasi za kwanza za vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba, 1964. Na katika mkoa huo huo, tangu tarehe 5 Oktoba, 2017, raia wamepata mateso makubwa kwa mashambulio ya magaidi. Mucojo yenyewe iliingia mikononi mwao mwanzoni mwa mwaka 2024.

Msomaji aweza kuuliza: Mucojo na mashindano ya magari, wapi na wapi? Jibu ni kwamba mambo mawili yaunganisha pwani ile na mchezo huu. La kwanza ni mchanga, ambao hauheshimu cheo cha dereva wala bei ya gari. La pili ni uvumi. Mshabiki wa magari apokeapo uvumi akauamini, hasara yake ni kuchekwa na wenzake. Askari apokeapo uvumi akauamini, hasara yaweza kuwa roho za watu.

MAZUNGUMZO YA BAADA YA KAZI

Penye askari wawili waliomaliza zamu hapakosi mazungumzo ya michezo, na kwa wapenzi wa magari msimu wa mazungumzo huanza pale msimu wa mashindano unapokwisha. Nani atahamia timu gani? Injini ipi itakuwa na nguvu zaidi? Tairi zipi zitastahimili mawe ya Naivasha? Kila mmoja huwa mwalimu, na hakuna mwanafunzi.

Mwishoni mwa mwaka 2025 mazungumzo hayo yalipamba moto. Mwezi Oktoba, Kalle Rovanperä wa Finland, bingwa wa dunia wa miaka 2022 na 2023, alitangaza kwamba anaiacha michuano hiyo ili aende Japani kushindana katika magari ya viwanja vya lami. Alikuwa na umri wa miaka 25 tu, na katika Mashindano ya Safari alikwisha shinda mara mbili, mwaka 2022 na 2024. Mwezi uliofuata Ott Tänak wa Estonia, bingwa wa mwaka 2019, naye akatangaza kupumzika. Kijana Oliver Solberg, aliyepewa gari la Toyota kwa mashindano ya Estonia mwezi Julai na akashinda papo hapo, akatajwa kuwa dereva wa timu hiyo kwa msimu wa 2026. Sébastien Ogier wa Ufaransa akafunga mwaka kwa kutwaa ubingwa wa tisa, akawa sawa na mwenzake Sébastien Loeb.

Washabiki waliokuwa wamekwisha panga orodha zao za madereva walilazimika kuzichana na kuanza upya. Walikuwa wamehesabu muda wa mikataba na uwezo wa magari, lakini hawakuwa wamehesabu moyo wa mtu.

INJINI PEKE YAKE HAISHINDI

Upande wa injini nako kulikuwa na ubishi. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2024 magari ya daraja la juu yalikuwa na injini ya lita 1.6 yenye turbo, ikisaidiwa na mota ya umeme. Kwa msimu wa 2025 mota hiyo iliondolewa, na uzito wa chini unaoruhusiwa ukapunguzwa kwa kilo 80. Wapo waliobashiri kwamba mabadiliko hayo yangeipindua ngazi ya timu. Hata hivyo, Safari ya mwaka 2025 ilichukuliwa na Elfyn Evans wa Wales katika Toyota, timu ile ile iliyokuwa imeshinda kila mwaka tangu mashindano hayo yarejee katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Na sasa ubishi umehamia kwenye kanuni zilizopangwa kwa msimu wa 2027, ambazo zinaweka kikomo cha bei ya gari kuwa euro 345,000 ili timu nyingi zaidi ziweze kuingia.

Mwenye kupenda ubishi huo hana budi kuisoma historia. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa na urefu wa takriban kilometa 5,000. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404, gari la kawaida ambalo wazee wetu walilifahamu kwa kubeba abiria.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilingana kabisa kwa alama na Harry Källström wa Sweden. Akapewa ushindi kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama ya kwanza. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Funzo kubwa kuliko yote ni lile la miaka ya 1984 hadi 1986. Huko Ulaya magari ya Audi, Peugeot na Lancia yenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne yalitawala. Kwa hesabu ya karatasi, Safari ingekuwa yao. Lakini miaka yote mitatu ilishindwa na Toyota Celica iliyosukumwa kwa magurudumu mawili ya nyuma tu: mwaka 1984 na 1986 ikiwa na Björn Waldegård, na mwaka 1985 ikiwa na Juha Kankkunen. Waliobashiri kwa kuhesabu nguvu za injini walisahau kuhesabu joto, vumbi, mashimo na umbali.

MCHANGA NI ULE ULE

Katika njia za Kedong, karibu na Naivasha, liko vumbi laini kama unga ambalo hufunika mawe na kuzisonga injini. Dereva wa doria katika njia za mchanga za pwani ya Cabo Delgado hukutana na adui wa namna hiyo hiyo. Yale yafanywayo na timu kubwa kwa fedha nyingi, askari aweza kuyafanya kwa nidhamu tu.

Kwanza, chujio la hewa lisafishwe kila baada ya mwendo wa vumbi. Injini isiyopumua haina nguvu, hata ikiwa mpya. Pili, kabla ya kuingia katika mchanga mzito upepo wa tairi upunguzwe, na mwendo upunguzwe pia. Ukirudi katika barabara ngumu, upepo urudishwe mara moja. Tatu, gari likianza kuzama usikanyage mafuta kwa hasira, maana magurudumu yanayozunguka bure huchimba kaburi la gari. Shuka, shika sepetu, ondoa mchanga. Nne, maji ya rejeta na mafuta ya injini yatazamwe kabla ya safari. Usione vyaelea, vimeundwa.

Aidha, ikumbukwe kwamba njia ya mashindano hufungwa na kulindwa, lakini njia ya doria ina akina mama wenye ndoo kichwani na watoto waendao kisimani. Kasi ya Naivasha si kasi ya kijijini. Dereva wa jeshi au wa polisi anayewafukuza raia barabarani huharibu kazi iliyofanywa na kikosi kizima.

TETESI NA TAARIFA

Turudi kwenye ubashiri. Kubashiri si kosa. Kamanda yeyote hubashiri, kwani hawezi kungoja adui amweleze nia yake. Tofauti ni kwamba kamanda hodari hutenga mafungu matatu: nilichokiona, nilichoambiwa, na ninachokidhania. Mshabiki huyachanganya yote katika sufuria moja, kisha akaita mchanganyiko huo habari.

Kufikia mwaka 2021 zaidi ya watu 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao katika Cabo Delgado. Mtu aliyekwisha kukimbia mara moja akisikia neno "wanakuja" hangoji uthibitisho. Hubeba mtoto na kuacha chungu jikoni. Neno hilo likiwa la kweli, limemwokoa. Likiwa la uongo, limemnyang'anya mavuno. Na likirudiwa uongo mara tatu, siku ya nne litakapokuwa kweli hakuna atakayeinuka. Kwa hiyo askari mwenye sare hana ruhusa ya kusema "nasikia" mbele ya raia, maana kinywani mwake tetesi hugeuka amri.

Basi, ndugu wapiganaji, bishaneni juu ya timu, madereva na injini za msimu ujao, maana ubishi wa namna hiyo huburudisha moyo baada ya kazi nzito. Lakini zamu ikianza, acheni ubashiri wa mpira na magari hapo hapo penye mkeka. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Na anayetumwa kulitazama wingu arudi na habari ya alichokiona, si ya alichokitamani.