Kumtunza Mzazi Anayenyonyesha Katika Mji wa Lamadi

Lamadi ni mji wa wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, uliokua pale barabara itokayo Bariadi inapokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na wakazi wake huishi kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa biashara na kwa kilimo cha pamba na mpunga. Katika mji wa njia panda kama huu, mwanamke anaweza kujifungua akiwa mbali na mama yake na shangazi zake, ambao kwa desturi ndio wanaomkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji na kumpokea mtoto ili mzazi alale. Desturi ya kumpumzisha mzazi kwa siku 40 inakaribiana sana na majuma 6 ambayo wataalamu wa afya huyahesabu kuwa kipindi cha mwili kurudia hali yake, lakini inapokosa watu wa kuitimiza, mzazi hubaki na ushauri mwingi na msaada mchache.

Ushauri huo mara nyingi huanza na maziwa. Katika siku za mwanzo titi hutoa dang'a, yaani maziwa mazito ya rangi ya njano, ambayo ni machache lakini humtosha mtoto mchanga na kumkinga na maradhi, na maziwa mengi hufuata kati ya siku ya 2 na ya 4. Ni katika pengo hili dogo ambapo mtoto hulia, waliopo husema mama hana maziwa, na kikombe cha maji ya sukari au cha maziwa ya ng'ombe huletwa kwa nia njema, ilhali kila anachoshibishwa mtoto kwa kikombe hicho hupunguza kunyonya kwake, na kunyonya ndiko kunakouamrisha mwili utengeneze maziwa. Kazi hiyo hufanywa na homoni mbili, yaani kemikali za mwili zinazosafiri katika damu: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke, na kwa kuwa hofu na maumivu huichelewesha oksitosini, mama anayesimangwa anaweza kuwa na maziwa yasiyotoka, kisha akaamini kwamba hana.

Kwa sababu hiyo, msaada wa kwanza ni kumtazama mtoto anavyoshika titi. Anatakiwa kufumbata sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, kwani akishika ncha peke yake huichana na hapati maziwa ya kutosha. Mtoto anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku baada ya siku ya 5, na ambaye uzito wake umerudi kama wa kuzaliwa kufikia juma la pili, kwa kawaida anashiba. Titi likijaa na kuuma, mama aendelee kunyonyesha, au akamue kiasi cha kupata nafuu, na likiwa jekundu na la moto huku mwili ukipata homa, inampasa afike kituo cha afya mapema kabla halijageuka jipu.

Imani inayoumiza zaidi ni ile ya kubemenda, inayodai kwamba mtoto hudhoofu kwa sababu wazazi wake wamekutana kimwili au mama yake ametoka nje ya ndoa wakati wa kunyonyesha. Mtoto hudhoofu kwa utapiamlo na magonjwa, yenye tiba, na mama anayeogopa kuitwa mbemendaji humficha mtoto asionekane kliniki, hata akafika akiwa amechelewa. Imani hii haistahili kuvumiliwa kwa jina la mila.

Machozi na wasiwasi wa siku chache baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi na hupita vyenyewe, lakini huzuni, kukosa usingizi hata mtoto anapolala na kujiona hafai, vikizidi majuma 2, ni dalili za sonona, ugonjwa wa akili unaotibika. Nchini Pakistan, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba pale wahudumu wa afya wa vijijini, ambao si madaktari, walipofundishwa kuwatembelea na kuzungumza na wazazi wenye sonona, waliobaki nayo baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 23, dhidi ya asilimia 53 ya wenzao waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo pia Tanzania, na kazi hii inawafaa.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Muuza dagaa wa Lamadi na mpanda pamba hawamo, na likizo yao hutoka kwa mume, wifi na jirani. Mwenye mzazi nyumbani na ateke maji, apike, ambebe mtoto baada ya kunyonya ili mama alale, na akiona damu nyingi, homa, degedege, maneno ya kutaka kufa au kurukwa akili, ampeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.