Mgeni wa Mlimani na Ujira wa Mpagazi

Huko Jinja, tangu miaka ya 1990, wageni hulipa fedha ili wateremke maporomoko ya Nile kwa mashua za mpira. Kasese mgeni haushuki mto, bali huupanda kwa miguu. Kutoka Nyakalengija huufuata Mubuku kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, akiongozana na wapagazi Wakonzo waliobeba chakula chake na vifaa vyake. Ujira wao ndio karo ya watoto, na chumvi na sabuni pia.

Fedha hiyo hukatika upesi. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera. Mwaka uliofuata hifadhi ya Rwenzori ikafungwa, isifunguliwe hadi 2001. Mpagazi alirudi shambani, na wapo walioyahama hata mashamba. Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao, Mganda, waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na hofu ikarejea.

Twasema haya kwa askari anayekesha doria mpakani Mpondwe. Yeye hamwoni mpagazi, ambaye asubuhi hiyo yuko Nyakalengija, akingoja kupimiwa mzigo.