Cherehani Inapokusanya Uzi Chini

Kitambaa kikigeuzwa, upande wa chini kuna fundo la uzi kama kiota. Wengi hukimbilia kuilaumu bobini, kwa kuwa vurugu imeonekana huko. Mara nyingi kosa liko juu.

Kwenye cherehani ya nyumbani, uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vinavyoubana. Mguu unaokandamiza kitambaa ukiinuliwa, visahani huachana, ukishushwa, hubanana. Anayetunga uzi huku mguu uko chini huuacha ukielea nje ya visahani. Hapo hakuna cha kuuzuia, nao hujirundika chini ya kitambaa. Dawa ni kuuchomoa wote, kuinua mguu na kutunga upya, kabla hata ya kugusa skrubu ya kukazia.

Mshono unaoruka una mshukiwa mwingine: sindano. Ikipinda kidogo tu, au isiposukumwa hadi mwisho wa tundu lake, ndoano iliyo chini hukosa kuudaka uzi. Ukubwa nao una maana. Namba 80/12 hufaa khanga na pamba nyepesi. Jinzi hutaka 100/16. Vitambaa vinavyovutika, kama vya fulana, huhitaji sindano yenye ncha butu kidogo, inayozisogeza nyuzi badala ya kuzitoboa. Ajabu ni kwamba kifaa hiki cha bei ndogo ndicho watu hukiacha mpaka kivunjike.

Vumbi la pamba kwenye meno yanayosukuma kitambaa huondolewa kwa brashi ndogo. Kulipuliza kwa mdomo hupeleka unyevu kwenye chuma.